Filamu Bora ya Mwaka 2007

Mwaka 2006, kiangazi kikielekea ukingoni na vumbi la Mpanda likiwa limepanda hadi kwenye majani ya miti, nilianza kazi katika banda la video la mume wangu, jirani na stesheni ya reli. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Nautaja umri huo kwa sababu wengi wenu mnaoweka filamu kwenye flashi za wateja leo mlianza mkiwa na miaka ishirini, nanyi mnadhani kila mtu huanzia hapo. Mimi katika miaka ishirini sikujua kusoma. Nilijiunga na darasa la watu wazima, kata ya Misunkumilo, tarehe 4 Februari 2002, na nikahitimu Novemba 2005. Kwa hiyo nilipoingia bandani, elimu yangu ilikuwa bado mbichi, nami niliibeba kama mtu anavyobeba sahani mpya.

Nimestaafu mwezi Desemba uliopita. Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, na zaidi mmeniuliza habari za ule ubao ambao kila mwisho wa mwaka niliandika filamu nilizozipenda. Mmeuona ukiwa umeegemezwa ukutani nyuma ya duka, nafasi moja ikiwa imekwanguliwa rangi, na mmekuwa mkibishana ni nini kilichokuwapo pale. Nitaeleza. Nitaanza na banda, kwa maana bila banda ubao hauna maana.

Lilikuwa la mbao, limeezekwa bati, lina mabenchi, televisheni moja kubwa na deki mbili. Deki ya pili ilikuwa ya kubadilishana vipuri na ya kwanza, na sikumbuki siku ambayo zote mbili zilikuwa nzima. Mume wangu Fidelis aliketi kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi kimezungushiwa leso ili kisikwaruze, akawaeleza watazamaji kwa Kiswahili yale ambayo wageni walikuwa wakisema. Nyie mnamwita mtu wa namna hiyo DJ. Sisi tulimwita mfasiri. Kusema kweli, Kiingereza hakukijua kuvuka salamu, na Kichina hakujua hata salamu. Alitafsiri nyuso. Alimtazama mtu anavyokunja paji la uso akajua anadai nini, na mara nyingi alipatia. Asipopatia, filamu aliyoitunga yeye ilikuwa nzuri kuliko ile ya wenyewe. Mvua ikinyesha juu ya bati alinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumsikia, na watu walibaki wakiangalia midomo ikichezacheza, kila mmoja akijitafsiria mwenyewe.

Mtu wa tatu katika kazi hiyo alikuwa Kasiani, fundi wa jenereta. Alizaliwa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mtoto wa mvuvi, akaja Mpanda akiwa kijana kutafuta kazi za mashine. Yeye na Fidelis walikuwa watani. Babu zao walitaniana, nao wakaurithi utani huo kama watu wanavyorithi shamba. Kwa wale mliokulia mijini, nieleze: mtani anaruhusiwa kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, nawe unaruhusiwa kumjibu kwa ubaya zaidi. Kinachokatazwa ni kukasirika. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mke wa mtani wake, Kasiani aliniita mke wake.

“Mke wangu, karibu kazini,” aliniambia siku ya kwanza, mikono yake ikiwa imejaa oili. “Huyu bwana uliyempata, mdomo anao, umeme hana. Umeme ni mimi.”

“Na mimi nimepewa kazi gani?”

“Wewe utuangalie sisi wawili tusiuane.”

Ndivyo ilivyokuwa, lakini nilipewa na kazi nyingine. Nilichagua filamu. Kanda zilikuja kwa treni kutoka Tabora ndani ya maboksi, nyingi zikiwa hazina majalada, na mtu alipaswa kuziangalia mchana kabla hazijaonyeshwa jioni. Nawaachia njia yangu, kwa kuwa haijazeeka. Angalia kwanza filamu bila sauti. Ukielewa nani anampenda nani na nani anamwogopa nani, hiyo inafaa. Ukihitaji maneno ili kuelewa, irudishe boksini. Kisha iangalie mara ya pili ukiwa umekaa benchi la nyuma kabisa, kwa sababu aliyekaa nyuma naye ni mteja. Kanda iliyolegea nilikuwa naizungusha kwa kalamu. Kichwa cha deki nilikisafisha kwa spiriti na kitambaa cha pamba, na CD zilipoingia tukazisugua kwa dawa ya meno. Hilo la dawa ya meno mnalicheka, lakini nimewaona mkilifanya.

Majina halisi ya filamu hatukuyajua. Mteja wa Mpanda huiita filamu kwa kile kilichomkaa moyoni: ile ya punda mweupe, ile ya mama wa mizani, ile ya ndugu wa ngazi. Nami nilizipenda baadhi yake kuliko inavyostahili mtu mzima kupenda vitu vya kwenye kioo. Mama wa mizani alikuwa mwanamke wa sokoni aliyekataa kumpunjia hata adui yake, na mwishoni adui huyo anakuja kununua nafaka ya msiba wa mwanaye. Mwanamke anapima, mizani inasimama sawasawa. Hakuna aliyesema neno katika sehemu hiyo, na Fidelis naye, kwa mara moja maishani mwake, hakusema. Ndugu wa ngazi walikuwa wawili wanaojenga nyumba moja kwa ngazi moja. Waligombana, mmoja akaondoa ngazi mwenzake akiwa juu ya paa, na filamu nzima ni mazungumzo ya aliye juu na aliye chini mpaka wanapozeeka. Hizo mbili, pamoja na ile ya punda, ndizo nilizoziandika kwa chaki tarehe 31 Desemba 2006, juu ya ubao uliosimama mlangoni, chini ya maneno FILAMU ZA MWAKA. Lilikuwa wazo langu. Banda lilikuwa la mume wangu, jenereta lilikuwa la Kasiani kwa namna alivyolihudumia, ubao ulikuwa wangu. Watu walisimama wakausoma na kubishana nao, na mtu ambaye miaka minne nyuma alikuwa akiweka dole gumba kwenye karatasi alisimama pembeni akiwasikiliza, akijifanya anafagia.

Filamu ya daraja ilifika Juni 2007, katikati ya msimu wa kuuza tumbaku, banda likijaa hadi dirishani. Jalada lilikuwa limechanika. Ndani yake mto umefurika, na juu ya daraja la mbao mzee amenaswa mguu katikati ya mbao mbili. Mwanawe amesimama ukingoni. Anamtazama baba yake kwa muda mrefu sana, maji yanapanda, kisha anageuka na kukimbia kupanda mlima. Tunaona mgongo wake, unapungua, unapungua. Yakapita maandishi ya kigeni, nasi tukayachukulia kuwa ni majina ya waigizaji. Kanda ikaisha.

Niliipenda mara ya kwanza nilipoiona bila sauti, na niliipenda kwa sababu ya uso wa yule kijana, ambao haukuwa uso wa mtu mwoga. Nilimwambia Fidelis hivyo. Alinijibu kwamba mtu anayekimbia ni mtu anayekimbia, na kwamba watu wa tumbaku hawakuja kutazama falsafa.

Jioni yake, kijana alipogeuka, Fidelis alikileta kipaza sauti mdomoni kabisa. “Jamani, tazameni! Mnamfahamu huyo? Huyo ni Kasiani wa jenereta! Baba yake anakwenda na maji, yeye anakwenda na miguu! Kasiani, rudi! Kasiani, mzee analia!”

Lazima mjue kwamba Kasiani alikuwa mtu wa kukimbia. Jenereta lilipokata moto katikati ya filamu, watu walipiga kelele, “Kimbia, Kasiani!” naye alitoka mbio gizani. Kwa hiyo utani ule ulikuta njia imekwisha kulimwa. Banda zima liliangua kicheko, na kicheko hakijaisha sauti ikatoka mlangoni, Kasiani amesimama na kitambaa cha oili begani.

“Nimekimbilia kuzima jenereta, ili huyu mwongo aache kusema!”

Akalizima kweli. Tulicheka gizani mpaka watu wakashika mbavu.

Filamu ile ilirudiwa kila wiki, na kila mara Kasiani alikuwa na jibu jipya. “Nimemfuata mkeo, Fidelis, yuko huko mlimani!” “Baba nimemwachia wewe, si ndiye anayekudai?” Watu walirudi kuitazama ili wasikie siku hiyo atajibu nini. Wakulima wa mpunga waliotoka Mamba na wafugaji wa Kasansa waliokuja mjini kuuza ng'ombe waliomba kuondoka nayo, nasi tukaunganisha waya wa kipaza sauti kwenye deki ya kuazima, tukarekodi sauti ya Fidelis juu ya filamu, tukatoa nakala. Ilisambaa Mpimbwe nzima, huko kwao. Jambo moja hatukulifikiria, na sijawahi kuacha kulifikiria tangu hapo: waya ulikuwa mmoja, mkononi mwa Fidelis. Sauti ya mlangoni haikuingia. Huko Kasansa walisikia utani ambao haukujibiwa, na utani usiojibiwa, kwa mtu asiyewafahamu wenyewe, ni habari tu.

Jumatatu, tarehe 31 Desemba 2007, nilikwenda kuandika ubao. Sikuwa na shaka na nafasi ya kwanza. Shaka yangu ilikuwa juu ya jina. Watu waliiita “ile ya Kasiani anakimbia”, nami niliona si haki filamu bora ya mwaka kuandikwa kwa lugha ya benchi. Darasani tulifundishwa kuunda majina ya watu kutoka kwenye vitenzi: anayelima ni mkulima, anayepika ni mpishi. Nikasimama na chaki. Mkimbiaji nilimfahamu kutoka redioni, ni yule wa mashindano na medali. Aliyeikimbia hatari nilijua anaitwaje, na neno hilo nilikuwa nimelisoma mara nyingi, kwa maana sisi wa Mpanda tunaishi jirani na Katumba na Mishamo, walikopokewa watu waliovuka mpaka kutoka Burundi. Niliandika kwa herufi kubwa: 1. KASIANI MKIMBIZI.

Kwa sarufi sikukosea. Nimelitazama neno hilo katika kamusi mara nyingi baadaye, na kamusi iko upande wangu. Haijanisaidia chochote.

Kasiani alisimama mbele ya ubao akasoma kwa sauti. “Mke wangu, sasa nimepewa na ukoo.” Watu wakacheka. Kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, “Ungeandika ‘mkimbiaji’ tu.”

“Mkimbiaji ni wa mashindano.”

“Haya, mwalimu.”

Alikuwa akicheka bado alipoondoka. Nimelirudia lile “haya” kichwani mwangu kwa miaka, kutafuta kama lilikuwa na kitu ndani yake. Wakati ule nilisikia “mwalimu” tu.

Mvua za Januari ziliifuta chaki, lakini midomo ilikuwa imekwisha kulichukua. Na mwaka 2010, biashara ikiwa nzuri, tuliupaka ubao rangi nyeusi mpya, na pembeni, kwa rangi nyeupe isiyofutika, nikaandika filamu ya kwanza ya kila mwaka tangu mwanzo. Jina lake likakaa hapo, kati ya Mama wa Mizani na filamu ya mwaka 2008, mtu yeyote anayekwenda stesheni akilisoma.

Fidelis alifariki Jumamosi, tarehe 9 Machi 2013, kwa ugonjwa wa kifua uliomnyang'anya sauti kabla ya kumnyang'anya uhai. Sitaandika mengi hapa. Nitaandika tu kwamba siku ya mazishi Kasiani alikuja kama mtani anavyotakiwa kuja. Alisimama mbele ya waombolezaji na kile kipaza sauti chenye leso, akakinadi. “Nani ananunua? Mwenyewe amelala, kazi anatuachia sisi, mvivu mkubwa! Maisha yake yote kapiga domo, leo nimemwuliza swali moja tu kanyamaza!” Watu walicheka huku machozi yakiwatiririka. Kisha akaingia kaburini yeye mwenyewe kulisawazisha, akakataa kupokewa jembe. Aliponipa mkono alisema, “Mke wangu, sasa umebaki na mume mmoja tu, tena maskini.” Nikamjibu kwamba huyo aliyebaki ndiye mbaya kati ya wawili. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusikia sauti yangu mwenyewe.

Banda bila mfasiri halikuwa banda. Nililigeuza kuwa duka la CD, baadaye la flashi, na chumba cha pembeni nikampa Kasiani atengenezee jenereta na redio. Alikaa kwenye benchi la mwisho lililobaki, nje ya mlango, na aliwatania wateja wangu badala yangu. Wengi wenu mlimkuta hapo.

Mwaka 2018 zoezi la kuandikisha watu kwa ajili ya vitambulisho vya taifa lilifika mtaani kwetu. Kasiani alipanga foleni asubuhi pamoja nasi. Alikuwa amefika karibu na meza wakati mwanamume mmoja nyuma, mfugaji aliyetoka Kasansa, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alipomtazama na kufurahi kama mtu aliyekutana na mwigizaji.

“Wee! Huyu si ndiye Kasiani Mkimbizi? Nyie, huyu ndiye Mkimbizi mwenyewe! Tumemsikia sana kule kwetu!”

Wale waliojua walicheka. Mwandikishaji aliyekuwa mezani hakujua, naye hakuwa mtu wa Mpanda. Aliinua macho, akauliza jina alilolisikia ni la nani, na mtu mwingine, akidhani anasaidia, akasema, “Ndivyo anavyoitwa hapa, hata kwenye ubao pale stesheni limeandikwa.” Karatasi za Kasiani zikawekwa kando. Aliambiwa alete uthibitisho wa mahali walipozaliwa wazazi wake. Wazazi wake walikwisha kufa, walizaliwa ufukweni kabla ya mtu yeyote kuandika vizazi, na ng'ambo ya pili ya ziwa ni nchi nyingine. Hakuwa na karatasi hata moja.

Alirudi kwenye benchi akaniambia habari hiyo kwa kicheko. “Mke wangu, umeniozesha Burundi bila kuniambia.” Jioni ile ile nilichukua kisu nikakwangua jina lile kwenye ubao. Ndiyo nafasi mnayoiona.

Nilikwenda ofisi ya uhamiaji kumtolea ushahidi Mei 2019, nikiwa nimevaa kitenge changu cha sherehe, nikiamini kwamba jambo la kipuuzi namna hii linamalizwa na maelezo mazuri. Afisa aliyenisikiliza alikuwa kijana mwenye adabu.

“Kwa hiyo, mama, unasema mkimbizi ni mtu wa kwenye sinema?”

“Ndiyo.”

“Na kwenye sinema anaitwa Kasiani?”

“Hapana. Kwenye sinema hatujui anaitwaje. Kasiani ni jina aliloliweka marehemu mume wangu.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu walikuwa watani.”

“Sawa. Na neno ‘mkimbizi’ aliliweka nani?”

“Mimi.”

“Nawe ulikuwa mtani wake?”

“Nilikuwa nafuata sarufi,” nikasema.

Alijizuia asicheke, nami nilimshukuru kwa hilo, lakini aliandika maelezo yangu taratibu sana, na kadiri alivyoandika nilisikia jinsi yanavyosikika. Alisema yatapelekwa mbele. Yalipelekwa mbele, na yakakaa huko mbele.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa kitambulisho zilifungwa. Ya Kasiani ilifungwa pamoja nazo. Nilimwambia atumie simu yangu, akasema hana mtu wa kumpigia ila dada yake Theodora, aliyebaki Karema, na dada yake akimtaka atampata tu. Theodora alimtaka mwezi Februari. Alikuwa mahututi, na watu wa nyumbani walimpigia Kasiani siku mbili mfululizo, simu haikuita. Namba yangu hawakuwa nayo. Mvua zilikuwa kubwa, magari ya Karema yalikuwa yamekwama, na mtu aliyetumwa na habari alipofika dukani kwangu, Theodora alikuwa amekwisha kuzikwa. Alikuwa ndiye mtu wa mwisho wa nyumba yao aliyemkumbuka Kasiani akiwa mtoto.

Kasiani alikwenda, akarudi baada ya wiki tatu. Aliketi kwenye benchi. Nilimpelekea chai, akasema asante. Hakuniita mke wake. Sikutilia maanani siku ile, kwa kuwa mfiwa hatakiwi kutania. Nikasubiri. Ikapita Pasaka, yakapita mavuno ya mpunga, wateja wa Mamba wakaja na kuondoka, naye akawa mtu wa adabu. Asiyefahamu utani hawezi kujua jinsi adabu inavyoweza kumpiga mtu.

Mwezi Oktoba mwaka huo mmoja wenu, mnajua ni nani, aliniletea kwenye flashi filamu aliyoipata mtandaoni akisema, “Mama, angalia hii, nadhani ni ile yenu ya daraja.” Ilikuwa na maandishi ya Kiswahili chini. Ile kanda yetu ya mwaka 2007, kumbe, ilikuwa sehemu ya kwanza tu. Maandishi ya kigeni yaliyopita mwishoni yalisema kwamba kuna sehemu ya pili, na hapakuwa na mtu bandani aliyeweza kuyasoma, pamoja na mimi niliyejisifu kwa kusoma.

Niliitazama mchana, bila sauti kwanza, kama ilivyo desturi yangu. Kijana anapanda mlima. Hatazami nyuma, kwa sababu akitazama nyuma atarudi, na akirudi peke yake hataweza kuinua mbao zile. Anafika kwenye kijiji, anaanguka mlangoni mwa watu ambao baba yake alikuwa amegombana nao, na kwa muda mrefu hatuoni kama watakuja. Wanakuja. Wanashuka na kamba na mashoka, yeye mbele yao, anakimbia sasa kuelekea kwetu, na uso wake ni uleule wa ukingoni. Nilikaa kwenye kiti mpaka flashi ikajirudia mwanzo. Katika miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kuona filamu niliyoipenda kuliko hiyo, na ilikuwa filamu ileile.

Nilitaka iwe ya kwanza ubaoni mwaka huo. Nilitaka kuliandika jina lake upya, palepale palipokwanguliwa, nikawa nimekwisha kuchagua maneno: Kasiani Amerudi. Safari hii nilikwenda kwanza kumwuliza mwenyewe. Nilimkuta akifungua kabureta.

“Kasiani, kumbe yule kijana alikimbia kutafuta msaada. Njoo uitazame. Fidelis alikosea.”

Alifuta mikono yake kidole kwa kidole. “Kwa hiyo alirudi?”

“Alirudi na watu.”

“Na baba yake wakamkuta?”

“Wakamkuta.”

Akatikisa kichwa, akiikubali habari hiyo kama mtu anavyokubali habari ya majirani. “Vizuri. Alikuwa na bahati.” Nikamweleza kuhusu ubao, na maneno niliyoyachagua. Alisikiliza mpaka mwisho. “Amerudi,” akarudia. “Wakisoma hilo watasema nimerudishwa kwetu.” Kisha akasema, kwa upole kabisa, “Naomba jina langu lisiandikwe popote.”

Tarehe 31 Desemba 2020 niliandika ubao kuanzia nambari mbili. Wateja waliuliza ya kwanza ni ipi. Niliwaambia bado sijaamua. Sikuandika tena ubao baada ya hapo, na wale mnaodhani niliacha kwa sababu ya macho, macho yangu ni mazima.

Shauri lake lilimalizika kwa sababu wazee watatu wa Karema walikubali kupanda gari na kuja kuapa kwamba walimjua baba yake na babu yake, na kwamba mmoja wao alicheza na Kasiani ufukweni wakiwa watoto. Niliposikia siku imepangwa, niliomba nafasi ya kuwapo. Niliandaa neno. Katika utani, aliyekosa ndiye anayepaswa kuuanza upya, na huanza kwa tusi zuri, akijibiwa, yamekwisha. Nililifanyia kazi tusi hilo wiki nzima, nikilipima kama Fidelis alivyokuwa akiyapima yake, mpaka likakaa sawa mdomoni.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 14 Aprili 2021. Wazee walisema waliyoyasema. Afisa, yuleyule kijana wa adabu, akagonga mhuri, akasimama, akampa Kasiani mkono, akatamka kwamba kuanzia sasa hakuna shaka yoyote juu ya uraia wake na kwamba kitambulisho chake kitatoka. “Shauri limekwisha, mzee wangu. Samahani kwa usumbufu.” Wazee wa Karema wakapiga makofi. Tukatoka nje, jua likiwa kali baada ya mvua, nami nikamsogelea mbele ya watu wote.

“Haya, mume wangu,” nikasema kwa sauti ya kusikika, “sasa serikali imekutambua kuwa mtu, leta mahari yangu iliyobaki, maana nimekaa kwako bure miaka yote hii nikidhani nimeolewa na jenereta.”

Wazee wakacheka, wakamgeukia, wakisubiri. Nami nilisubiri. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilimwona akilitafuta jibu, nina hakika alilitafuta. Lilifika karibu na mdomo wake, nikaona kona ya mdomo ikianza. Kisha akainamisha kichwa.

“Asante sana kwa kufika, Bi. Restituta,” akasema. “Umejisumbua.”

“Hapana, Bwana Kasiani,” nikamjibu. “Sijajisumbua.”